Chupa Niliyoifungua Kila Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kwenye mashine, katika maabara ndogo ya uchunguzi Busia, Mkuu wa Maabara alinionyesha chupa ya glasi. "Dada, hii ikidanganya, sisi wote tumedanganya."

Ndani mlikuwa na pombe na maji yaliyopimwa kiwandani. Mashine ya kupima damu huonjeshwa kwanza mchanganyiko huo, ikaambiwa hii ni themanini, kikomo cha sheria. Ndipo iweze kumpima dereva. Sikusomea kazi hii. Niliingia kufagia, nikajifunza kwa vitabu vya mashine hadi kurasa zikalegea.

Kwa kanuni, chupa ikifunguliwa hutumiwa mara moja tu, na kinachobaki humwagwa. Mkuu alikataa kumwaga. "Hizi haziuzwi Bumala sokoni." Tukatumia moja wiki nzima. Nami, kwa woga wangu, niliifungua kila asubuhi na kila mchana kuhakikisha haijaharibika. Kumbe kila nilipohakikisha, pombe iliruka hewani kama mvuke kwa joto la Busia. Chupa ilidhoofika, lebo ikabaki themanini, mashine ikaamini lebo, na kila damu ikasomeka kuwa na pombe nyingi kuliko iliyokuwa nayo.

Niligundua nilipopima chupa mpya kama damu. Ilisoma tisini na moja badala ya themanini. Wiki hiyo dereva wa lori aliyekamatwa Malaba alikuwa amepata themanini na tano, yaani kwa kweli alikuwa chini ya kikomo, na kesi yake ilikuwa kesho yake.

"Tuwaambie korti," nilimwambia Mkuu.

"Ripoti imeshatoka. Ukifungua hiyo moja, zote zitafunguka."

"Si zifunguke?"

"Wewe uliingia hapa na ufagio. Nani atakusikiza?"

Hasira hiyo ninayo mpaka leo. Hesabu aliijua kunishinda, akaamua kulinda kiti.

Niliandika barua mwenyewe, na kosa langu ndani yake. Dereva nilimkuta kwenye benchi nje ya korti. Aliisoma mara mbili.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Nilisema nimekunywa mbili tu. Hata mama watoto aliniita mrongo." Akanirudishia. "Peleka wewe, dada. Nikiipeleka mimi watasema nimejiandikia."

Niliipeleka. Damu yake ilipimwa upya, kesi ikafutwa. Mimi nikastaafishwa mwezi huohuo, nikiwa na miaka ishirini na sita. Watu huniambia nipumzike, dereva ameshaenda zake. Lakini wengine waliopimwa wiki ile, ripoti zao bado zinasimama, na mmoja wao, mvuvi wa Sio Port, amenyang'anywa leseni ya pikipiki. Barua yake naimaliza leo.