Pongo wa Upande wa Baba

Jirani yangu hapa Rwamishenye ana mbwa mwenye sauti mbovu. Habweki mfululizo kama mbwa wenzake. Hubweka mara moja tu, kavu, halafu kimya, kama mtu aliyeitika akarudi kulala. Watu wa mtaa humcheka. Mimi kila nikimsikia huacha ninachofanya, chai ikapoa mkononi, nikawa tena yule mtoto wa Nshambya aliyefunga safari kwenda kumwamkia mnyama.

Nieleze kwanza, msije mkadhani nimerukwa na akili. Kwetu Uhaya kila ukoo una mziro wake, mnyama au kitu kingine ambacho watu wa ukoo huo hawali wala hawakidhuru, na mtoto hufuata mziro wa baba. Baba yangu alikuwa mtu wa Muleba, upande wa Kimwani, na mziro wake ulikuwa pongo, yule swala wa vichakani, engabi kwa Kihaya. Alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama akarudi nami kwao Nshambya, kwenye kibanja cha wazazi wake, nikakulia humo kati ya migomba na mibuni pamoja na watoto wa Mjomba Kamugisha, kaka yake Mama. Nilikula nao, nikalala nao kitanda kimoja, nikachapwa nao fimbo moja. Tofauti ilikuja siku za pongo tu.

Enzi hizo wawindaji walikuwa bado wanapita rweya, ile mbuga pana ya majani mlimani, na mbwa wao waliofungwa njuga. Siku hizi ni marufuku, na afadhali. Mmoja wao alikuwa akimletea Bibi paja lililokaushwa kwa moshi, na likipikwa na ndizi, jamani, harufu ilitoka jikoni ikazunguka kibanja kizima. Sahani zikija, yangu ilikuwa na ndizi na maharage. Mama naye siku hizo alikaa pembeni yangu na maharage yake, akisema tumbo halimkai sawa. Binamu zangu walinyonya mifupa huku wananitazama.

"Koku, ndugu yako yuko chunguni!" walisema, wakacheka hadi wakapaliwa.

Ulikuwa utani wa watoto, lakini mimi uliniingia hadi kwenye mifupa. Baba sikumjua. Picha yake haikuwepo, na jina lake Mama hakulitaja. Nilichokuwa nacho ni nyumba ile, na nyumba ile ilikuwa inaniambia kwa maharage kwamba mimi ni mgeni. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa wa pale. Basi siku moja nikasimama mbele ya wote nikatangaza kwamba na mimi nitakula nyama, na asiyetaka anifukuze kabisa.

"Mawe!" Bibi alimaka kwa Kihaya, akashika mdomo. Mama alitoka nje.

Mjomba ndiye aliyenijibu. "Sawa, bojo," alisema. "Lakini mtu humli kabla hujamsalimia. Twende kwanza ukamwone."

Sasa, Mjomba alikuwa mtu wa maneno. Kanisani aliimba sauti ya nne, na nje ya kanisa aliendelea na sauti ya nne hiyohiyo, iwe sokoni, iwe msibani. Kwa hiyo asubuhi ile, tulipoteremka kwenye gari upande wa Muleba na kuanza kuikata rweya kwa miguu, alijaza kinywa kahawa za kutafuna, akanionyesha kwa kidole shavu lililotuna. Hiyo ndiyo ilikuwa kufuli yake. Tulikuwa tunakwenda kwenye korongo ambako Baba alichunga ng'ombe akiwa kijana.

Majani yalikuwa yamelowa umande, yakanilowesha hadi kiunoni. Halafu ardhi ikaisha. Mbele ya miguu yetu mlima ulikuwa umepasuka, na ndani ya ufa ule mlikuwa na ulimwengu mwingine. Ukungu ulipanda polepole kutoka chini, vilele vya miti mikubwa vikichomoza humo, na mahali fulani maji tusiyoyaona yalikuwa yananong'ona. Tulishuka kwa kushika mizizi. Pimbi walijianika mawe kwa mawe, wakatutazama bila haraka. Mbega walipita juu yetu mmoja baada ya mwingine, mikia yao mieupe ikielea nyuma taratibu, hata sikujua kama wanaruka au wanaanguka. Palinukia majani yaliyooza na tangawizi pori. Tukakaa juu ya jiwe. Nilihisi niko usingizini, na hata leo siwezi kuwaapia kwamba sikuwa. Mjomba alitafuna, akatafuna.

Sikumwona akija. Palikuwa na kichaka, halafu kichaka kikawa na macho. Dume, rangi ya udongo wetu mwekundu, madoa meupe ubavuni, pembe mbili zilizosokotwa. Nilikuwa nimekuja kuiona nyama niliyonyimwa, lakini nikajikuta nimepiga goti kama tunavyowaamkia wakubwa.

"Shikamoo," nikanong'ona.

Masikio yake yakageuka. Alinitazama, mimi hasa. Kisha akabweka mara moja, kavu, na akawa hayupo.

"Kaitikia," Mjomba alisema na kahawa zake mdomoni. Akazitema, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya siku zote. "Baba yako alikuwa hivyohivyo. Unamwamkia, marahaba moja, basi, huyo kaondoka. Mtu mkimya! Nilimpenda mno. Alikuwa ananiachia maneno yote mimi."

Nilicheka, halafu nikalia sana. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisimulia habari za baba yangu.

Nyumbani nilimkuta Mama anamenya ndizi. Nikamwambia nimemwona. Kisu kikasimama.

"Alikuwa dume, mwenye pembe?"

"Ndiyo, Mama."

"Ee," alisema, akaendelea kumenya, lakini maganda yalikuwa yanakatika manene. Pongo aliyefuata alipoletwa, nilipokea maharage yangu bila kuangalia sahani ya mtu. Binamu zangu walipoanza na ndugu yako yuko chunguni, nikawajibu, "Najua. Anawasalimu."

Miaka mingi imepita, na Mama tumeshamzika pale kibanjani. Juzijuzi Mjomba, mzee sasa lakini mdomo ni uleule, alikuwa anawachekesha wanangu kwa habari za utoto wake na Mama. "Bibi yenu huyo! Kwa mbavu za pongo tulipigana mpaka mama yetu akatutenganisha kwa mwiko. Hakuna nyama aliyoipenda kama ile."

Nikamuuliza, kwani haukuwa mziro wake?

"Wake kwa vipi? Yeye ni wa ukoo wangu. Ulikuwa wa mumewe, na mume alishakufa. Nani angemkataza?"

Wanangu waliendelea kucheka. Mimi niliziona sahani mbili za maharage zimekaa pamoja, yangu na yake. Nilidhani maharage yale yananitoa nje ya nyumba, kumbe ndiyo yaliyokuwa yanambakiza Baba ndani. Nikalikumbuka na tumbo la Mama, ambalo halikuwahi kumsumbua siku ya mbuzi wala siku ya samaki. Lilimuuma siku za pongo tu, miaka yote ile.