Kuran ya umeme ilikatika, bakasema nilikubali

Leo kunyamaza yangu banaihesabu ni "ndiyo". Niko na kasirani mubaya!

Tuko bénévoles, bantu ba kujitolea, ba inchi mingi, tunatengeneza navigateur moya ya zamani, ya bure, ile ya kufungula nayo internet, juu isikufe. Mu réunion ya leo, ku internet, chef wetu, kule Ulaya, anasema: "Kile kipande cha kuchunga ma page, juu muntu asome hata réseau ya internet ikikatika, tutoe. Siku hizi nani anakitumia?"

Nani?!

Jirani yangu hapa Katuba, Mama Masika, muntu wa Butembo. Vita iko kwabo. Réseau ikikuya kidogo, anafungulaka habari ya kwabo. Ikienda, anaendelea kusoma.

Chef anauliza: "Kuko mwenye anakataa?"

Nikafungula kinywa.

Paf! Kuran ikakatika.

Kisha kuran inarudia, réseau nayo kidogo tu, page ya réunion inafunguka, réseau inaenda tena. Nasoma: "Hakuna mwenye alikataa. Merci bote."

Kwetu, mu mukutano ya famille, mwenye kunyamaza banamuuliza kwa jina yake. Beye, hata!

Na ile "merci" yabo nilisoma namna gani, bila réseau?

Ni na kile kipande chenyewe banatoa!

Semeni, ninyamaze tena?