Siku Niliyobeba Gauni la Kubadili

Kwenye saluni yetu, jirani na soko la Babati, mtu akiwa na besdei anamwagiwa maji. Siyo matone. Ndoo nzima, kichwani, na ukikimbia unakimbizwa mpaka barabarani, waendesha bodaboda wanashangilia. Asiyependwa hamwagiwi. Hakuna aliyewahi kulisema hilo, ila wote tulilijua.

Mwagaji mkuu nilikuwa mimi. Bosi wetu nilimvizia akitoka chooni. Yule mwenzangu anayepaka kucha nilimmwagia akiwa na wigi jipya, akanitukana huku anacheka. Besdei za watu wote nilikuwa nazo kichwani. Ikikaribia ya mmoja, nawanong'oneza wengine, "Jamani, kesho kuna mtu wa kulowa." Keki naagiza mimi, mishumaa natafuta mimi. Nilipenda sana ile sura ya mtu akishtuka, anagundua kumbe anakumbukwa.

Basi ikafika yangu. Asubuhi nikatia gauni la kubadili kwenye mfuko, simu nikaizungushia nailoni. Mama akawa ananiangalia.

"Unahama?"

"Leo namwagiwa maji, mama. Besdei yangu."

"Mtu mzima kumwagiwa maji! Ndiyo mapenzi gani hayo?"

"Ndiyo ya mjini, mama. Utaona nitakavyorudi."

Akacheka, lakini nilimwona amefurahi. Tangu tushuke kutoka Mbulu tukapanga hapa Bagara, swali lake kwangu lilikuwa hilo hilo: umeshapata watu?

Saluni nikaingia najichekesha.

"Mambo?"

"Poa," mwenzangu akasema. "Afadhali umewahi. Kachote maji, bomba letu halitoi."

Nikachota mwenyewe. Nikazipanga ndoo karibu na mlango, moyoni nasema, hawa wananizuga tu. Siku nzima nilikaa nimewapa mgongo makusudi, niwarahisishie kazi.

Mchana nikiwa namsuka mteja, nikamsikia mwenzangu nyuma yangu ananyanyua ndoo. Nikafumba macho. Nikakunja mabega. Nikatabasamu kabisa.

Maji yakamwagika nje.

"We, unasinzia umeshika nywele za mteja?" Alikuwa anasuuza mataulo.

Jioni, wakati wa kufunga, bosi akauona mfuko wangu. "Na hizo nguo? Unasafiri?"

"Naenda Nakwa, kwa shangazi."

"Haya, msalimie sana."

Njia nzima nilikuwa nawatetea. Wamechoka. Kazi zilikuwa nyingi. Hawana roho mbaya, na kweli hawana, hapo ndipo paliponiuma zaidi. Wangekuwa wamenuna na mimi, angalau ningekuwa nimewapita kichwani. Mtu anayewakumbusha wenzake wanamzoea kama saa ya ukutani: kila mtu anatazama muda, hakuna anayeitazama saa. Halafu nikajiuliza na mimi, zile ndoo zote nilizowamwagia, nilikuwa nawapenda au nilikuwa najiwekea akiba? Nikawa nalia kidogo kidogo, najifuta kwa mkono wenye mafuta ya nywele.

Karibu na nyumbani kuna bomba la mtaa. Hapakuwa na mtu. Nikasimama nikaliangalia, nikaiwaza ile sura ya mama nitakapoingia nimekauka. Nikaweka mfuko pembeni, nikafungua maji, nikainamisha kichwa chini ya bomba. Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yakagongana. Nikahakikisha mgongo nao umelowa, maana mtu akimwagiwa na wenzake hulowa mgongo kwanza.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba... Yesu wangu! Kumbe wamekumwagia kweli!" Akapiga kigelegele peke yake pale mlangoni.

"Wamenikimbiza mpaka barabarani."

"Wote?"

"Wote, mama. Bosi ndiye aliyeshika ndoo."

"Basi una watu, mwanangu. Mimi sasa nitalala."

Nikaenda kuvaa gauni kavu. Lile la maji akalikamua mwenyewe kwa mikono yake, akaacha kamba ya uani tunayoanikia siku zote, akalitundika mbele, upande wa barabara, majirani walione.