Heshima ya mkwe imeniacha majini

Jameni, mwenye kamba ndefu aje mtaani Jericho haraka!

Mvua imefurisha mtaa, na mke wangu Mama Nekesa hasikii. Lazima aone mjukuu leo, na gauni lisilowe.

Nikachukua tangi la maji lililokatwa nusu, nikasimika mpini wa ufagio, nikafunga shuka. Mashua hiyo, ya tanga!

Tukavuka uwanja wa mpira, ambao leo ni ziwa. Tukaingia barabarani, ambako leo ni mfereji.

Raha tupu, mpaka upepo ukazidi. Mkwe wetu Wafula, baba wa huyo mjukuu, amesimama barazani kwake, nasi tunampita.

"Wafula, tushike!"

Akaganda. Sisi Waluhya, mtu hamgusi mama mkwe wake.

"Baba, na Mama yumo?"

"Kwani unaona nimebeba viazi?"

Akatupa mgongo, akanyoosha mwavuli nyuma kama mkia. Mama Nekesa akaudaka, akavutwa, akatua barazani mkavu kabisa.

Mimi nisiye na mwiko na mtu nikaenda na upepo.

Sasa nimekwama kwenye ukuta wa kinyozi. Nimempigia mke wangu simu.

"Ngoja kwanza," akasema, "mtoto amenichekea."

Nyinyi pia mnacheka, nawajua. Kamba iko wapi?