Gari la Kliniki na Soko la Nyabibuye

Sijawahi kukichukia kitu kisicho na roho kama nilivyoichukia ekseli ya nyuma ya gari la kliniki yetu pale Kibondo. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, watu ndio kwanza wamehamia kwenye vijiji vipya, na mimi nilikuwa mkunga niliyeletwa kutoka Tanga, mwembamba wa mwili lakini si wa mdomo. Gari lilikuwa la zamani, lile la bodi ya alumini linalovuta kwa magurudumu yote manne, na hakukuwa na njia iliyolishinda. Ila lilivuja. Oili ya difu, ile ya gia za ndani ya ekseli, ilitoka kwenye gurudumu la nyuma upande wa kulia, ikaingia kwenye breki, hata ukifika mteremkoni unakanyaga pedali na kumwomba Mungu kwa wakati mmoja.

Dreva wetu alikuwa Muha wa Kasulu, mtu mzima kuliko mimi, mtoto wa warina asali. Alilipenda gari lile kupita kiasi. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, ndipo nikaanza kugomba. Si rahisi kumgombeza mtu uliyemwamkia shikamoo, lakini nilijitahidi.

"Mzee, linavuja tena."

"Ni sili, sista. Sili imechoka. Tutabadilisha."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi hata ningeweza kuyaitikia kama dua.

Ningevumilia, kama si binti mmoja wa Nyabibuye. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alikuwa mfupi, miguu imevimba, presha iko juu, na mtoto amekingama tumboni. Nilimwambia mama mkwe wake, mbele yake, kwamba huyu asijaribu kuzalia nyumbani. Mama mkwe, ambaye watoto wake wote aliwazalia kwenye kitanda kilekile, alinijibu neno moja: "Oya." Hapana.

Nilikaa jikoni kwake mchana kutwa. Nilikula maharage yake, nikasifu, nikaeleza, nikanyamaza, nikaeleza upya. Binti mwenyewe alikaa pembeni akimenya mihogo, hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye hakusema. Jioni mama mkwe akakubali, kwa sharti. Gari lije siku ya soko, lisimame mlangoni kwake, watu wote waone kwamba mkwewe anachukuliwa kwa heshima.

"Mke akitoka kwa mumewe na mimba kubwa hivi, kimyakimya, watasema tumemfukuza," aliniambia. "Njoo siku ya soko. Usipokuja, usirudi kuniambia habari za hospitali."

Nikaapa nitakuja. Tulipokuwa tunarudi Kibondo nikasikia harufu ya oili inayoungua.

Kesho yake dreva alilipandisha gari juu ya jeki, akaweka mawe chini, akafungua gurudumu, akachomoa shafti, akang'oa ile sili ya mpira inayozuia oili isipite, akaweka mpya kwa kuigonga polepole na kipande cha mti. Kazi aliijua, siwezi kumsingizia. Gasketi, ile karatasi ya kubana kiungo, hakuwa nayo, basi akaikata kwenye kadi za kliniki za watoto, zile nilizokuwa nimezisubiri kutoka mkoani tangu masika. Nilipofika akawa ananionyesha jinsi ilivyokaa vizuri. Upande mmoja ulisomeka "Uzito wa mtoto". Nilirudi ndani nisije nikasema neno la kunifunga.

Tukaenda Kitahana kujaribu. Tulipofika, tairi limelowa.

"Sili za siku hizi," akasema dreva.

Basi ikawa safari ya Kasulu, kwa mwenye duka la vipuri, mzee mmoja wa Kiislamu ambaye ndugu zake walikuwa Pangani, na kwa sababu hiyo alijiona ana haki ya kunitania. "Mtu wa pwani umekuja kupanda milima na gari linalokojoa," aliniambia, akacheka hadi kofia ikamdondoka. Akatupa sili mbili nzuri, za kwenye karatasi yake, na chupa za oili. Dreva akaifunga moja palepale uani kwake. Huyo mzee alitoka na ushauri wake, mpita njia akaja na wake, mmoja akasema tupake sabuni, mwingine akasema ni breki, siyo oili. Mimi nilikuwa nahesabu siku za soko kichwani na kusaga meno.

Tulirudi Kibondo alasiri, na soko la Nyabibuye lilikuwa siku ileile, lilikuwa linamalizika wakati sisi tunaingia uwanja wa hospitali. Moyoni nilimwona yule mama mkwe amekaa mlangoni anatazama barabara. Nikashuka, nikatazama tairi. Lilikuwa linadondosha oili tone, tone, kwenye vumbi.

Hapo nilishikwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. Nilichukua koleo kwenye boksi la dreva, nikaingia chini ya gari na gauni langu jeupe la kazi, gari likiwa bado linachemka, niione hiyo ekseli uso kwa uso. Sikujua natafuta nini. Nikaona, juu kabisa ya bomba la ekseli, kijiti kimechomoza, kimevikwa kitambaa, kimepakwa nta.

"Mzee! Hiki nini?"

"Kizibo, sista."

"Nani kakiweka?"

"Mimi," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Palikuwa na kifuniko kidogo, kikang'oka kwenye matope ya Nyabibuye, tundu likabaki wazi. Tunavuka mito, maji yangeingia. Nikachonga mti, nikazungushia nta, nikagonga. Hivyo ndivyo tunavyoziba asali kwetu. Hata sisimizi hapiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sista."

Ile methali ndiyo iliyonimaliza. Nilikikamata kijiti kwa koleo, nikakizungusha, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Kikatoka. Ekseli ikatoa pumzi ndefu, psssss, ikanitemea oili ya moto shingoni na kifuani.

Nilitoka chini ya gari nikiwa mweusi upande mmoja. Dreva hakucheka. Alikuwa ameinama, bado anaisikiliza ile pumzi mpaka ilipokwisha.

"Ilikuwa imejaa hewa," akasema polepole.

"Na pombe je, mzee?" nikamuuliza huku najifuta. "Pombe ya ndizi ikiwa inachacha, nayo mnaiziba hivyo?"

"Aa, pombe haizibwi. Huachiwa njia. Ukiiziba inapasua kibuyu." Kisha akalitazama tairi, akanitazama mimi, akakaa chini. Hewa ya ndani ilikuwa inapata moto njiani, inakosa pa kutokea, inaisukuma oili kwenye sili, na sisi tunalaumu sili. Watu wote wa Kasulu na Kibondo walikuwa wamelichungulia lile gurudumu, na hakuna aliyechungulia juu yake. Nilitamani kulia, nikamtukana mjomba wake badala yake, taratibu, kwa Kisambaa, asielewe.

Alifanya kazi mpaka giza likaingia. Akaosha breki kwa petroli, akafunga ile sili iliyobaki. Kwa ajili ya tundu nilimpa mpira wa dripu uliokwisha kutumika, akachomeka ncha moja humo na kuipandisha nyingine, wazi, hadi chini ya kiti, ili ekseli ipumue na maji ya mto yasifike. Alfajiri tukaondoka.

Tulisimama mara moja, nikagusa tairi kwa kiganja. Kavu. Sikufurahi hata kidogo. Gari kupona siku moja baada ya siku ya soko lilikuwa jambo la kunidhihaki tu.

Hatukufika Nyabibuye. Tulikuwa tumeipita Kakonko tulipowaona wanaume wakija mbio mbio, wanapokezana, wamebeba ingobyi begani, kile kitanda cha fito ambacho watu wa milima ile huchukulia wagonjwa. Nyuma yake mama mkwe, na fimbo. Uchungu ulikuwa umeanza usiku, na walipouona mkono wa mtoto umetangulia kutoka wakajua ndiyo yale niliyoyasema.

Niliruka kabla gari halijasimama. Mama mkwe akaweka fimbo yake kati yangu na ingobyi.

"Jana tulikaa mlangoni," akasema. "Kijiji kizima kilituona tumekaa."

"Mama, gari lilikuwa bovu."

"Bado bovu. Tazama." Akaonyesha ringi ya gurudumu la nyuma, oili ya zamani imeganda na vumbi. "Tutambeba wenyewe. Mabega hayavuji."

Wabebaji hawakujua wamsikilize nani. Nilieleza, nilisihi, nilipandisha sauti, na kila nilichosema kilikuwa kile nilichokwisha kukisema jikoni kwake. Dreva akavua kofia, akamwambia kwa Kiha kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyeziba. Mama mkwe hakumgeukia.

Shuka la ingobyi likasogea. Yule binti alikuwa na jasho usoni, midomo imekauka, na mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia akizungumza mbele ya mama mkwe wake.

"Ninapanda."

"Gari bovu hilo, mwanangu."

"Alisema atakuja," akasema binti. "Amekuja."

Mama mkwe aliondoa fimbo yake. Kisha akawaambia wanaume washushe taratibu, akapanda yeye kwanza, akakusanya kitenge chake kisiguse oili, akanyoosha mikono yote miwili kumpokea mkwewe.

Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni, hilo tuliambiwa Kibondo. Mama yake aliishi. Lakini mimi nililia mapema zaidi, palepale barabarani, mbele ya wabebaji, nikiwa bado nimeshika mlango wa gari.