Mbuzi Aliyejinyonya

Nawakumbuka wote waliokuwa uani siku ile: mama mkwe wangu Mutheu, akichambua mbaazi; mimi, niliyeolewa mwaka uliotangulia; Syokau wa kule Salama, aliyenunua mbuzi wangu sokoni Emali wiki moja kabla; na mjukuu wake Kioko mgongoni, mtoto aliyefiwa na mama alipozaliwa.

Mwanangu, mbuzi yule alikuwa na tabia ya kugeuza shingo na kujinyonya. Tukiamka, kiwele kitupu. Kabla ya soko nilimpaka chuchu mshubiri mchungu ili asijiguse, kiwele kikajaa.

Syokau hakuja na ugomvi. Alimfunga mbuzi kwenye nguzo, akaniambia, "Nifundishe kukamua, mama. Mikono yangu imezeeka. Kila asubuhi napata matone tu, na mtoto analia."

Mutheu akaweka ungo chini. "Si mikono yako. Huyu hujinyonya. Kwani hukuambiwa?"

"Hakuuliza hilo," nikasema. "Aliuliza kama ana maziwa, nikamwambia ashike kiwele mwenyewe. Nimedanganya wapi?"

"Ulipopaka mshubiri ukanyamaza. Haya, mfungulie yule mbuzi wako mzuri, aende naye."

Nikamfungulia. Syokau alisema tu, "Na mimi nililaumu mikono yangu." Afadhali angenitukana.

Sasa mjukuu wangu Mueni anasoma sheria. Juzi alinieleza habari za Warumi wa zamani, ambao mimi nawajua kwa barua ya Paulo tu. Kwao, anasema, wauzaji na wanunuzi walidaiwa nia njema. Aliyejua kasoro iliyojificha akainyamazia, hakimu alimbana, hata kama kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nikamuuliza ni nani amemwambia habari za mbuzi wangu.

Kioko ni mzee wa kanisa siku hizi. Hunisalimia vizuri sana, nami hutazama chini.

Kwa hiyo mwanangu, ukiuza kitu, usitosheke kwamba hukusema uongo. Fikiria mwenzako anaondoka akiamini nini. Kama unajua sivyo, mwite arudi kabla hajafika barabarani, hata ukirudi nyumbani na mbuzi wako.

Mungu akupe watu wa kukuamini, na moyo wa kuwaonea huruma. Nanyi wengine mnaosikiliza, kama nimekosea jina au ukoo wa mtu, nirekebisheni, hasa ninyi wa Salama. Habari za mbuzi ndizo ambazo sijakosea.