Mivukuto ya Fundi Nthiga

Itangazwe kwa watu wote, waliosimama, walioketi na waliojilaza kwa uvivu tu, ya kwamba mwaka wa 1955, bila ya Mungu wala Serikali ya Malkia kuombwa ruhusa, nchi ya Mbeere ilijaliwa mwanamuziki. Jina lake Nthiga. Umri, arobaini na kitu. Mafunzo, hana. Meno ya mbele, moja.

Kabla ya utukufu huo alikuwa mhunzi. Kisha ikaja Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na Serikali. Watu wakang'olewa makwao, wakapangwa kijijini kama viazi kwenye gunia, wakaamriwa wachimbe handaki la kujizungushia wenyewe. Wahunzi nao wakapigwa marufuku, maana Serikali ilipiga hesabu zake ikaona kwamba anayejua kufua jembe hakosi kujua kufua bunduki. Mivukuto ya Nthiga, ile mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, ilichomwa na askari wa ugenini, mwenyewe akitazama.

Miezi minane alikaa kizingitini akiangalia mikono yake. Mkewe, Igoki, alisema heri angekuwa mlevi, angalau angekuwa na shughuli.

Siku moja akafika Sulemani, mchinjaji wa Majengo kule Embu mjini, na cheti chake cha kupita, kununua mbuzi. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga kodiani ya shemeji yake aliyerudi nayo kutoka vitani.

"Fundi, una visu?"

"Sita. Vya kabla ya marufuku."

"Nipe vyote, chukua hii."

"Ni nini?"

"Kinanda, bwana! Huoni?"

Nthiga akaivuta. Ikahema. Akaisukuma. Ikahema tena. Uso wake, uliokuwa umefungwa tangu mwaka uliopita, ukafunguka.

"Hii ni mivukuto," akasema. "Ila imeota vifungo."

Kijiji kizima kikaiita hivyo hivyo: mivukuto. Na hapo ndipo balaa lilipoingilia, kwa sababu hedimani wetu, mkuu wa kijiji, Runji, alikuwa amesoma hadi darasa la pili, kiwango ambacho mtu huwa hatari kabisa akipewa kalamu. Akamwandikia Bwana DO, mzungu mtawala wa wilaya: "Nthiga amepata mivukuto mpya. Kelele mchana kutwa."

Jumatatu asubuhi zikaja lori mbili za askari. Walitafuta tanuri, walitafuta mitutu ya bunduki, wakapindua hata chungu cha uji. Walichopata ni mzee wa kaptura amekumbatia sanduku linalokoroma.

"Hii kinanda," akasema Bwana DO, kama mtu aliyeahidiwa chui akaonyeshwa paka. "Wewe piga."

Nthiga akapiga. Mbuzi wakakata kamba.

"Wewe hapana jua piga. Kwa nini naweka? Labda wewe nadanganya mimi. Sikia. Mimi rudi Alhamisi. Wewe piga mzuri, wewe nakaa na kinanda yako. Hapana piga, kinanda motoni, wewe kambini."

Akawaamuru homugadi, walinzi wa kijiji, waichukue kodiani wakailinde. Homugadi wakaangaliana. Huku kwetu, mtu wa kawaida akigusa mivukuto ya mhunzi, mhunzi akamlaani, ukoo wake unapasuka kama chuma baridi. Mmoja akakumbuka mgongo unamuuma. Mwingine akashikwa na tumbo la ghafla. Mashujaa hawa wa Malkia, wenye bunduki, wakasema afadhali ibaki kwa mwenyewe.

Siku tatu, basi. Nthiga akahangaika na vidole. Kifungo kimoja, ukivuta kinasema hivi, ukisukuma kinasema vingine, tabia aliyowahi kuiona kwa hedimani peke yake. Jumanne ikapita. Jumatano mchana akaiweka chini.

"Mama Ndwiga, nifungie blanketi. La kwenda nalo kambini."

Igoki alikuwa uani akipura mawele. Hakuinua kichwa.

"Baba Ndwiga, ulipokuwa ukipuliza moto, ulikuwa unahesabu vidole?"

"Wewe utajuaje? Hujawahi kuingia bandani mwangu."

"Mwanamke haingii kwa mhunzi, nani asiyejua? Lakini masikio yangu mlikuwa mmeyakataza? Miaka ishirini nimesikia hiyo mivukuto. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Hukuwahi kukosea hata siku moja. Haya. Vuta."

Akaanza kupiga fimbo yake ya kupuria polepole kwa mwendo ule wa bandani, akiimba wimbo wa kupura mawele unaojulikana na kila mwanamke wa Mbeere. Nthiga akafumba macho, akaacha mikono ipulize moto ambao haukuwapo. Vidole vikawa vinajikwaa nyuma ya wimbo kama mbuzi wachanga wanaomfuata mama. Kufikia jua kutua, mbuzi hao walikuwa wamemfikia mama.

Alhamisi Bwana DO akasimama uwanjani, mikono nyuma. Nthiga akaketi juu ya gogo, jasho likimtiririka, akavuta. Wimbo ukatoka. Ulichechemea mwanzoni, kisha ukashika njia. Wanawake waliokuwa wamepangwa mstari wa kwenda kuchimba handaki wakaanza kuuguna, halafu kuuimba, mabega yakacheza. Yule homugadi wa mgongo akawa wa kwanza kupiga mguu chini.

Bwana DO akasikiliza hadi mwisho. Akatoa kalamu, akaandika cheti: mwenye hiki ana ruhusa ya kukaa na kinanda, na kijiji kina ruhusa ya kucheza kila Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na moja.

Tangu handaki lianze kuchimbwa, hakuna aliyekuwa amesikia neno "ruhusa" likiambatana na neno "kucheza". Igoki akapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Runji, ambaye ghafla alikuwa ndiye mlezi wa sanaa, akapanda juu ya gogo.

"Fundi wetu! Fahari ya kijiji! Waambie watu wako, Jumamosi utatupigia nyimbo gani?"

Nthiga akajifuta jasho kwa kiganja.

"Huo huo," akasema. "Sijui mwingine."